Isale Kizimbani

Nilikuwa na panya mia moja na nne wa ukoo wa Woga, na waliuawa wote kabla ya chai ya saa nne. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaoijua habari hii hupenda kuanza na jani, ili lawama imwangukie Digna.

Katika maabara yetu pale Moshi mjini nilikuwa nikilea koo mbili za panya weupe. Unamweka panya peke yake katikati ya sanduku kubwa lisilo na kifuniko, unahesabu sekunde. Anayezunguka kama yuko kwake ni Jasiri. Anayejibana ukutani na kuganda ni Woga. Waoga unawazalisha wao kwa wao, majasiri vivyo hivyo, kisha unalinganisha vinasaba vyao ujue hofu inarithiwa vipi. Nilishafika kizazi cha kumi na tisa. Miaka sita ya maisha yangu ilikuwa ndani ya vizimba ishirini na sita vya ukoo wa Woga, na sikuwa na kingine cha kumwonyesha mtu.

Aliyewalisha na kuwafanyia usafi ni Digna, mama wa Machame, amenizidi miaka kumi na mitano. Kwetu Mwika mtu kama yeye ningemwamkia hata kama nina haraka ya kwenda msalani. Siku yake ya kwanza kazini nilimwambia, "Hapa mimi ni dokta. Mambo ya shikamoo tuyaache nyumbani." Akajibu, "Sawa, dokta." Panya walilala kwenye kiganja chake. Mimi waliniuma, na jambo hilo liliniudhi kuliko nilivyokubali.

Jumatatu ile tulikuwa tuwapime waoga ishirini na wanne, kisha tuwaue tuchukue ubongo. Wa kwanza niliyemweka sandukuni hakuganda. Alikimbia huku na huku akinusa hewa, akapita katikati mara tisa. Wa pili hivyo hivyo. Nikaenda kwenye kizimba chao, nikafukua maranda, nikakuta kipande cha jani la kijani kimefungwa fundo, kimetafunwa pembeni.

Mchaga hahitaji kuambiwa hilo ni jani gani. Ukimkosea mtu unampelekea isale, naye hawezi kuikataa.

"Nani kaweka hii?"

"Ni mimi, dokta. Si leo mnawatoa ubongo? Nikaona tuwaombe radhi kwanza."

Nilicheka. Halafu hasira zikanipanda, nikapayuka hadi mlinzi akachungulia. Nilimwita mshamba. Nilimwambia ameniulia ukoo mzima, kwamba panya aliyekula jani geni hafai tena kupimwa wala kuzalishwa.

"Dokta, ni vi—"

"Nyamaza!"

Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta kando ya sinki, akabaki hapo, mdomo wazi kidogo. Nikamwambia, "Umeshawaomba radhi. Sasa wamalize." Nilimfanya alete vizimba vyote, kimoja kimoja, kwenye sanduku la gesi, na kukandamiza kifuniko kwa mikono yake mwenyewe. Wadogo walimpanda kwenye kiganja wakidhani ni chakula. Hakulia, na mimi nilitaka alie. Alipomaliza alinawa, akatundika koti, nikamwambia asirudi.

Siku ya tatu nilikaa kuandika ripoti, nikafungua daftari lake la kila siku nitafute cha kumshtaki. Ukurasa wa Jumatatu aliandika kwa herufi za mtoto wa shule: "Isale nimeweka namba 3, 7, 8, 11, 19, 22 tu, hawa wa leo. Wengine sijawagusa."

Vizimba sita. Vingine ishirini vilikuwa vizima, panya themanini, na kizazi cha ishirini kikiwa tumboni mwa baadhi yao. Kuangalia vizimba vile kungenichukua dakika kumi. Nilifunga mlango nikalia kwa kwikwi, na kusema kweli nilijililia mimi.

Jumamosi nilichuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba la mama, nikalifunga fundo, nikapanda Machame. Njiani nilijipanga: kwanza nimwamkie kama mtoto mwenye adabu, kisha nimpe jani, kisha nimwombe arudi kazini.

Nilimkuta anamkatia ng'ombe mgomba. Aliponiona, panga lilimtoka. Akarudi nyuma, hatua, hatua, hadi mgongo ukagusa mbao za zizi, akaganda, mdomo wazi kidogo.

Mungu anisamehe, nilihesabu. Sekunde kumi na moja.

Nikamnyoshea jani. Akalipokea kwa mikono miwili, maana mila hairuhusu kukataa. Miaka yote nimesomea hofu, na pale sikuweza kujua kama mama yule amenisamehe au ananiogopa tu. Nikafungua mdomo nimwamkie. Akaniwahi.

"Shikamoo, dokta."

Nami kwa mazoea nikaitikia, "Marahaba."