Kayaki Mbili za Kibe

Tangu Jumatatu Peres alikuwa akizizunguka zile kayaki mbili kama mama mkwe anayekagua jiko la mke wa mwanawe. Mitumbwi hiyo midogo ya plastiki ilikuwa imelazwa juu ya magodoro chakavu, katikati ya karakana, mahali ambapo kwa kawaida hukaa makochi ya watu. Moja ilikuwa ya buluu, mpya kiasi. Nyingine ilikuwa nyekundu, kuukuu, tumbo lake limechubuliwa na mawe. Zote mbili zilikuwa na tundu moja tu juu, la kumwingiza mtu mmoja na kumfunika kutoka kiunoni kwenda chini.

Mwenyewe ni Kibe, yule bwana wa Sagana anayewapeleka wageni kwenye maji ya kasi ya Mto Tana. Alimletea Peres kazi hiyo kwa sababu alikuwa amesikia kwamba fundi huyo wa Dagoretti hushona kochi likakaa miaka bila kufumuka.

"Mama, zikague ndani," alimwambia. "Kiti, sponji, kila kitu. Halafu niambie ni gani itamshika Mercyline vizuri, umtengenezee hiyo. Jumatatu ijayo ana mtihani wa kuongoza wageni. Ukisema nyekundu, ni nyekundu. Ukisema buluu, ni buluu. Ukisema hakuna inayomfaa, basi, tutangoja msimu mwingine."

Katika maneno yote hayo, Peres alishika moja tu. Hakuna.

Mercyline alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa amemsomesha kwa sindano na uzi mpaka akapata cheti cha ukarani, na sasa msichana, aliyekuwa akijifunza kazi ya mtoni kwa Kibe, alitaka kwenda kugeuzwa kichwa chini miguu juu ndani ya mto. Peres alikuwa na kaka aliyeitwa Okinyi. Gari lilipinduka naye kwenye Mto Nyando wakati wa mafuriko, na waliomtoa walisema maji hayakuwa marefu. Ni mkanda wa kiti uliomshika. Tangu siku hiyo Peres hakuweza kutazama kitu chochote kinachomfunga mtu bila kukitafutia mlango.

Kwa hiyo alikuwa ameamua kumwambia Kibe kwamba zote mbili hazifai. Mercyline angekosa mtihani, na asubuhi ya Ijumaa alikuwa tayari amemsukuma aende Upper Hill kufanyiwa usaili katika ofisi moja iliyotafuta karani. Waliachana kwa maneno makali, na msichana aliondoka bila kunywa chai.

Tatizo lilikuwa Mungu. Peres alikuwa ameomba asubuhi na jioni apewe ruhusa ya kusema uongo huo mdogo, na hakuna jibu lililokuja. Basi akajiambia kwamba ikiwa atapata kasoro ya kweli, hata ndogo, hautakuwa uongo.

Lakini kasoro ilimkimbia. Ile ya buluu ilikuwa na kila kitu cha kiwandani. Kiti kilisogezwa mbele na nyuma kwa skrubu. Mgongoni palikuwa na mkanda mpana wa kukazwa kwa kamba zenye meno, na ukiinua kijilimi chake kamba hulegea. Mtu mnene angekaa, na mtu mwembamba angekaa baada yake. Nyekundu haikuwa na kamba hata moja. Ndani yake palikuwa na kiti kitupu, ukuta wa sponji wa kukanyagia miguu, na juu ya mapaja mapezi mawili ya plastiki ya kukazia magoti. Sehemu za nyonga zilikuwa wazi, zikingoja fundi achonge sponji ngumu, ile inayofanana na ya ndara, kwa kipimo cha mtu mmoja tu. Peres alikuwa ameinunua River Road na kuichonga kwa vipimo vya Mercyline kabisa, kwa sababu mikono yake haikujua kuchonga vibaya hata moyo ulipotaka.

Ijumaa hiyo, saa tisa, alizibandika sponji za nyonga kwenye ile nyekundu. Kisha akapaka gundi upande wa ndani, tayari kwa kitambaa cha juu. Gundi ya makochi huwa haishiki ikiwa mbichi. Huachwa ikauke mpaka kidole kisinate sana, ndipo kitambaa kinalazwa, na kikilazwa kimelazwa. Mara akaja mteja wa matakia, mwenye maneno mengi, na alipoondoka Peres alikuwa amesahau habari ya kitambaa.

Saa kumi, Zedekiah alianza kukusanya randa na misumeno yake. Seremala huyo ndiye aliyekuwa akichonga fremu za makochi, na walikodi karakana pamoja. Zedekiah ni Msabato. Kila Ijumaa hushusha mlango mkubwa wa mabati, hutia kufuli kwa nje, na jua linapozama simu yake huwa imezimwa mpaka Jumamosi jioni. Peres, ambaye ni wa kanisa la Jumapili, hubaki ndani na kutoka kwa mlango mdogo wa nyuma wenye komeo.

"Mama Mercy, bado unachumbiana na hizo plastiki?" Zedekiah aliuliza.

"Nenda ukaoge, Baba Lenox. Jua haliwangoji Wasabato."

"Sabato njema."

"Na wewe pia."

Mlango ulishuka, kufuli likalia. Peres alikuwa akingoja hilo tu. Kama macho hayakuona kasoro, labda mwili ungeiona, lakini hangeinua sketi yake na kujitumbukiza ndani ya tundu mbele ya mwanamume wa watu.

Aliingia kwanza katika ya buluu. Alilegeza kamba, akakaa, akakaza, akalegeza, akatoka. Alijaribu tena na tena akitafuta mahali ambapo kamba ingemnasa. Haikumnasa.

Akahamia kwenye nyekundu. Aliketi ukingoni, akatanguliza miguu, akajishusha. Nyonga zake hazikuwa za Mercyline. Zilikwama katikati, kisha, alipoweka uzito wote, zikashuka kwa kishindo na sponji zikambana pande zote mbili. Magoti yakapanda chini ya yale mapezi.

"Eeh," alisema peke yake. "Hii ndiyo kasoro."

Alifurahi kwa muda mfupi sana. Alipotaka kuinuka, sketi haikuja. Ndipo alipoikumbuka gundi.

Alisukuma kwa mikono, akasukuma kwa miguu. Kadiri alivyonyoosha miguu ndivyo magoti yalivyojikaza chini ya plastiki. Simu ililia juu ya cherehani, ikaenda ikikaribia ukingo wa meza kwa kutetemeka, ikanyamaza. Akajirusha upande mmoja ili aifikie, na kayaki nzima ikapinduka naye. Shavu likagonga saruji. Sasa alikuwa amelala ubavu, nusu mtu na nusu plastiki, na mbele ya macho yake kulikuwa na maranda ya mbao na msumari mmoja uliopinda.

Alimwita Zedekiah, ingawa alijua Zedekiah yuko njiani kwenda nyumbani. Alimwita mwenye kioski cha jirani, lakini barabarani ng'ombe wa machinjioni walikuwa wakipitishwa na hakuna sikio lililobaki kwa mtu mwingine. Jasho lilimtoka. Pumzi ikawa fupi. Hapo akamwona Okinyi, si uso wake, bali mikono tu, ikitafuta kitu cha kufungua.

"Bwana," aliomba, "nilikuomba ruhusa ya kudanganya. Sikuulizi tena. Nitoe tu humu." Akaongeza kwa haki, "Lakini umeona mwenyewe. Umeona ninachosema. Hivi ndivyo vinavyoua watu."

Alisukuma mpaka mapaja yakaanza kutetemeka, akapumzika, akasukuma tena. Mwanga uliopenya kwenye matundu ya mabati ulikuwa umegeuka wa manjano aliposikia mlango wa nyuma ukigongwa.

"Mama? Uko?"

Peres alifumba macho. Kati ya watu wote wa Nairobi.

"Mama, nasikia ukipumua. Fungua, hizi viatu za ofisi zimenimaliza."

"Siwezi."

"Hasira yako imefika hapo? Hata mlango?"

"Mercyline, nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Ndani ya hii kitu ya Kibe."

Nje ikasikika sauti ambayo Peres aliijua tangu msichana akiwa darasa la kwanza, ya mtu anayecheka huku ameziba mdomo.

"Nyekundu ama buluu?"

"Itakusaidia nini?"

"Mum. Nyekundu ama buluu?"

"Nyekundu. Na imeanguka. Nimelala na ubavu."

"Unapumua vizuri?"

"Nisingepumua ningekujibu?"

"Sawa." Mercyline hakuwa akicheka tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka na kutulia, na Peres hakuitambua. Labda ndiyo aliyoitumia kule mtoni. "Wacha kusukuma kwanza."

"Sisukumi."

"Mama, nakusikia. Plastiki inalia. Wacha."

Peres aliacha.

"Magoti yako iko wapi?"

"Mahali magoti hukaa."

"Yamepanuka, si ndiyo? Yameshika ile plastiki ya juu. Sasa sikiza. Hiyo boti haijakushika magoti. Ni wewe umeishika. Ukiogopa, unapanua miguu, unajifunga zaidi. Kila mtu hufanya hivyo siku ya kwanza, hata mimi nilikunywa Tana nusu. Leta magoti pamoja. Kama uko kanisani."

Mwili wote wa Peres ulikataa. Kulegeza miguu, katika hali ile, kulikuwa kama kuachilia ukuta wakati unaanguka. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kufanya jambo kwa sababu Mercyline amesema. Alivuta pumzi, akayaleta magoti pamoja. Mapezi yakamwachia, polepole, bila ugomvi.

"Yametoka," alisema.

"Eeh. Sasa inama mbele, kama unaomba. Mikono ipeleke nyuma ya kiuno, ushike ukingo. Jisukume huku umeinama. Usinyooke."

"Sketi imeshikwa na gundi."

"Iache."

"Niache sketi?"

"Kuna nani huko ndani?"

"Mimi na Mungu."

"Mungu ashaiona, mama. Fungua zipu."

Peres alifungua zipu. Aliinama mpaka paji la uso likagusa plastiki, akashika ukingo nyuma yake, akajisukuma. Sponji zilimng'ang'ania kidogo kwenye nyonga, kisha akateleza kama mguu unaotoka kwenye gambuti, akabaki amekaa sakafuni na gaguro lake. Hakuinuka mara moja. Alishukuru kwanza, kwa kifupi. Kisha akajifunga leso na kuondoa komeo.

Mercyline alisimama mlangoni amevaa suti nyeusi ya kuazima, viatu mkononi. Walitazamana. Wakacheka wote wawili mpaka Peres akashika ukuta.

"Walisemaje huko Upper Hill?" aliuliza alipopata pumzi.

"Wamenichukua. Nianze Jumatatu."

Jumatatu ileile. Mercyline alisema bila furaha na bila hasira, kama anayesoma bei dukani. "Wamenionyesha kiti changu. Ina magurudumu, lakini haiendi mahali."

Simu ilianza kulia tena. Ni Kibe. Peres aliichukua, hakuipokea.

"Nilitaka kumwambia hakuna inayokufaa," alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Mama, wewe humaliza kochi kwa siku mbili. Hizi umekaa nazo tangu Jumatatu."

Simu ilinyamaza. Peres aliiweka chini. Kweli, hapo ndipo angeweza kumwambia Kibe bila uongo wowote kwamba kayaki ilimnasa. Alikuwa na kasoro yake mkononi. Aliitazama ile nyekundu, sketi yake ya maua ikining'inia ndani ya tundu, na akajua kwamba haikumnasa. Sponji zilikuwa za nyonga nyingine, na magoti yalikuwa yake.

"Ingia," alisema.

"Na gundi?"

Waliiinua kayaki wakairudisha juu ya magodoro, kisha Peres akachukua makasi. Alikata sketi kuzunguka sponji, kushoto na kulia, akaacha vipande viwili vya maua vilivyoshika, akavikandamiza kwa gumba mpaka kingo zikalala. Sehemu zilizobaki zenye gundi alizifunika kwa kitambaa cheusi. Mercyline alivua suti, akajifunga leso nyingine, akaingia. Alikaa kama yai kwenye trei. Alitikisa kiuno, na kayaki nzima ikatikisika pamoja naye.

"Imebana?"

"Imenishika. Haijanibana."

Peres alishika ncha moja ya kayaki. "Yesu," alianza, na akaipindua juu ya magodoro, binti yake kichwa chini ndani yake. Hakuwahi kumaliza maombi. Mercyline alikuwa tayari ametoka, amekaa pembeni, nywele zimejaa maranda, akitafuta leso.

"Tena," Peres alisema.

Wakarudia. Wakarudia mpaka msichana akalalamika kwamba mtoni atapumzika kuliko hapa.

Kibe alipopiga mara ya tatu, Peres alipokea.

"Nyekundu," alimwambia. "Hiyo buluu wape wageni, inamfaa kila mtu. Hii ni ya mmoja." Akasikiliza. "Hapana, usitume pikapu leo. Haiwezi kupita mlango mdogo, na mwenye ufunguo wa ule mkubwa ameingia Sabato. Kesho jua likishazama. Na hata hivyo gundi haijakauka."

Alikata simu, akapiga magoti kando ya kayaki, na kwa gumba akaanza tena kukandamiza kingo za vile vipande vya maua, mmoja mmoja, ili visije vikafunuliwa na maji.