Mgeni Rasmi Yuko Njiani

Mimi ni fundi cherehani, na sina subira na watu wanaodanganya kwa sauti ya upole. Siku ile ya maadhimisho, mshereheshaji alishika kipaza sauti tangu asubuhi akirudia jambo lilelile: mgeni rasmi yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika popote, Mungu ndiye ajuaye.

Maadhimisho yenyewe yalihusu joto. Miaka hii jua limebadilika tabia, mvua haijulikani itakuja lini wala itaondoka lini, na mradi mmoja ulikuja mtaani kwetu kutuelimisha kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Walikuwa na akili, siwasengenyi kwa hilo. Badala ya kutuletea vipeperushi vya kufungia karanga, waliwaomba kina mama watunge wimbo. Na ukitaja wimbo mtaani kwetu, umemtaja mama mkwe wangu.

Watu walimwita Spika, maana akimwita mtu mmoja aje kula, nyumba kumi zinanawa mikono. Wimbo aliutunga akiwa amekaa sakafuni kwenye kibanda changu, huku mimi nakata fulana za kijani za kikundi. Ulieleza kila kitu. Ukiona mwenzio jasho limemkauka na ngozi inawaka, ukiona maneno yanampotea, usisubiri: mpeleke kivulini, mmwagie maji. Haukupita muda ukawa unaimbwa sokoni, unaimbwa kwa kinyozi, na walevi nao wakirudi kwao usiku wanauimba, tena kwa usahihi. Nilijivuna sana, nisifiche.

Sasa tazama tulivyopangwa siku hiyo. Uwanja wa shule hauna hata kichaka. Turubai lilikuwa moja, la wageni waalikwa, na chini yake viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, chupa za maji mezani, na pembeni miche ya miti ndani ya vifuko vyake, imewekwa kivulini isinyauke kabla mgeni rasmi hajaipanda. Sisi tulisimamishwa mistari katikati ya uwanja, ili akishuka garini atukute tayari. Choo kilikuwa kimefungwa na mwenye ufunguo hajulikani aliko, kwa hiyo kina mama wengi hawakugusa maji. Mama mkwe ndiye kabisa. Vidonge vyake vya presha humpeleka haja kila mara, na hakutaka kuadhirika mbele ya kamera.

"Mama, njoo ukae kidogo," nilimwambia.

"Nikae, halafu akishuka nani ataanzisha? Wewe, na sauti yako hiyo ya paka?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikacheka nami, lakini nilimwona akiyumba kidogo, akajishikiza begani kwa jirani yake kana kwamba anamtania.

Jua likafika utosini. Mshereheshaji, aliyekuwa kivulini, akatuomba tuimbe kidogo ili tupashe sauti. Mama mkwe akaanzisha vizuri. Ubeti wa pili akauruka, akaingiza maneno ya kumbembelezea mtoto. Kina mama wakadhani anatia vionjo, wakapiga vigelegele, wakamwitikia. Mimi sikudanganyika. Nimeishi na yule mama chini ya paa moja, naye hata akiwa na homa hakosei wimbo.

Nikatoka kwenye mstari nikamshika mgongoni. Fulana yangu ungeweza kuikamua. Yake ilikuwa kavu.

"Mama, unanisikia?"

"Mtoto amelala?" aliniuliza.

Mtoto gani? Mwanawe wa mwisho ni mume wangu, na ana mvi.

Nikamkokota hadi turubaini. Mratibu wa mradi akatuwahi, kijana mwenye adabu zake, kitambulisho kikining'inia kifuani.

"Samahani, dada. Hapa ni pa wageni waalikwa."

"Mama hatoki jasho tena. Wimbo wenu wenyewe si ndivyo unavyosema?"

"Nimekuelewa, dada. Vumilia kidogo tu, mgeni rasmi yuko njiani. Akikuta vurugu hapa mbele, lawama zote zangu."

"Basi nipishe hapo penye miche."

Akaitazama miche, akanitazama mimi. Na alisema kweli, wala hakuwa anatania: "Ile ikipigwa na jua itakufa, dada."

Niliisukuma kwa mguu. Vifuko vikabingirika juani, udongo ukamwagika, watu wakaguna. Nikamlaza mama mkwe pale ilipokuwa imekaa. Nikanyakua chupa za maji mezani, nikammwagia kichwani, shingoni, makwapani. Mwili wake ulikuwa wa moto kama bati la mchana. Nikatoa mkasi pochini, nikaichana fulana niliyoishona kwa mikono yangu. Akaanza kukoroma, miguu ikamtetemeka.

"Gari!" nilipiga kelele. "Mwenye gari atusaidie, tumpeleke hospitali!"

Magari yalikuwapo, tena yamejipanga. Lakini askari wa langoni alitikisa kichwa. Barabara imefungwa kupisha msafara, akasema, hakuna wa kutoka mpaka uingie.

Nikampepea kwa kanga yangu, nikamsemesha, nikamtukana hata, ili anijibu. Ndipo nikasikia king'ora kwa mbali. Nikashukuru kwa sauti. Kumbe kuna mtu mwenye utu humu, nikajisemea, ameita gari la wagonjwa. King'ora kikakaribia, lango likafunguliwa, vumbi likatimka, na yakaingia magari meusi, moja baada ya jingine.

"Mgeni rasmi amewasili!" mshereheshaji akapaza sauti. "Naomba tusimame wote kwa heshima!"

Kikundi kikaanza kuimba bila kiongozi, kila mtu na sauti yake. Wimbo haujafika mbali, kifua cha mama mkwe kilishuka na hakikupanda tena. Nilikibonyeza, nikamwita, nikakibonyeza tena. Mratibu alikuwa amesogea akasimama mbele yetu, amepanua miguu na koti lake ili tusionekane.

Mgeni rasmi alipeana mikono na wa mstari wa mbele, akaketi, akanywa maji. Akasifu mavazi yetu na wimbo wetu. Halafu akaomba radhi kwamba hatazungumza sana, maana jua la leo, alisema, ni kali mno, hataki kutuumiza. Watu wakacheka, wakampigia makofi mengi. Mimi sikuweza kupiga makofi. Nilikuwa nimeshika kidevu cha mama mkwe wangu kwa viganja vyote viwili, mdomo wake usije ukakauka ukiwa wazi.