Siku Katarina Alipoongea Jumuiyani

Pale Majimoto, Katarina alisifiwa kwa kutopumzika. Alfajiri yuko bombani, mchana yuko kwenye mpunga, jioni anatwanga mtoto akiwa mgongoni. Mumewe, Fabiani, alijivunia mke huyo mbele ya wenzake.

Alipojifungua mtoto wa nne, Mercy, mambo yakageuka. Usingizi ulimpaa. Alinyonyesha bila kumtazama mtoto, na machozi yalimtoka akipepeta mchele, wala hakujua analilia nini.

Mama mkwe wake, Matilda, aliguna. "Sisi tulikuwa tunazaa, tunarudi shambani. Nyie wa siku hizi mnadeka."

Katarina akajikaza. Akafanya kazi mara mbili ili asiitwe mvivu, mpaka asubuhi moja akaketi chini kando ya bomba, ndoo inafurika, asiweze kunyanyuka. Wanawake wakamwita Fabiani mbio.

"Mama Yohani, unaumwa wapi?" Fabiani aliuliza alipofika.

"Sijui. Nimechoka kuwa mtu."

Maneno hayo yalimtisha Fabiani. Alimpakia kwenye bodaboda hadi zahanati. Nesi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huu ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi baada ya kujifungua. Si uvivu, wala hajarogwa. Atapata dawa, atakuja tuzungumze naye. Lakini baba, akirudi kwenye mzigo uleule, hatapona."

Basi Fabiani akaanza kuchota maji kwa baiskeli na kusonga ugali. Kijiweni wakambatiza jina la Bibi Harusi. Matilda aligoma kula. "Mwanangu ashike mwiko nami nina macho?" Ugali wenyewe ulikuwa na mabuja makubwa ya unga usioiva, na Katarina alipolitafuna la kwanza alicheka. Fabiani alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu Mercy azaliwe.

Wiki zikapita, usingizi ukarudi. Ndipo ikafika zamu ya jumuiya ya kanisa kusali kwao. Baada ya rozari, Fabiani alitoka jikoni na birika la chai. Jirani yao Deogratias akaangua kicheko.

"Jamani, humu ndani mke ni nani?"

Fabiani akainamisha kichwa. Katarina akasimama, mtoto mkononi.

"Mke ni mimi. Nilikuwa naumwa akili, Deogratias. Nilikuwa natamani nisiamke. Huyu unayemcheka ndiye aliyenichotea maji mpaka nikatamani kuamka tena. Kama huo ni uanamke, basi mume wangu ni mwanaume kuliko wote mliokaa hapa."

Mercy akaanza kulia, na Katarina akataka kukaa ambembeleze. Matilda akainuka kwenye mkeka, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto. Wewe endelea kuongea."

Katarina akaendelea. Alieleza ilivyoanza, alivyojificha, na alivyotibiwa. Alipomaliza, Agape, mke wa Deogratias, alikuwa analia waziwazi.

"Mimi naumwa hivyohivyo tangu nizae," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Deogratias alimtazama mkewe kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Akaweka kikombe chini. "Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

Siku ya kliniki, Katarina alitoka nyumbani akiwa na wanawake watatu wa jumuiya. Walipita katikati ya soko wakiongea kwa sauti, bila kujificha. Mbele yao alitangulia Agape, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na Deogratias anakanyaga pedali huku jasho linamtiririka. Kijiweni mtu mmoja akapiga mluzi. Katarina akamjibu kwa kigelegele kirefu, na wenzake wakakipokea.