Ruhusa ya Kilio, Safu ya Tisa

Jumatatu asubuhi Chebet alifika kwenye ghala la Black Rock, akaomba kiti kando ya Dafroza, msimamizi wa roboti. Kampuni yake ya Columbus ilikuwa imemtuma arekebishe skrini aliyoibuni mwenyewe. Humo kila roboti ilikuwa mraba mdogo: kijani inafanya kazi, njano inangoja, nyekundu imeharibika. Msimamizi mmoja aliweza kuziangalia zote bila kuinuka. Tatizo ni kwamba tangu Ijumaa roboti zilikuwa zikienda safu ya tisa na kusimama pale taa zikiwa zimezimwa, na hali hiyo haikuwa na rangi.

Chebet alizitazama mpaka saa ya chai. Ya kwanza ilileta viti vya kukunja. Zilizofuata zilileta sukari, majani ya chai na katoni za maji. Kila moja ilitua mzigo wake taratibu, ikakaa kidogo, ikaipisha nyingine.

"Hizi zina shida gani, mama?"

"Haiko na shida," Dafroza alisema, macho kwenye skrini. "Ziko zinakuya ku kilio. Ni pale ndugu yangu Byamungu alikufia. Rafu ilimuangukia Alhamisi."

"Pole sana, mama. Sisi tunaita matanga."

"Bon, ni ile ile. Lakini nyinyi Wakenya munaanzaka na kamati."

Chebet alikubali kwamba ndivyo.

Dafroza alikuwa ameomba siku tatu akakae na mjane, Clémence, kule karibu na Grant Street. Alinyimwa. Hakukuwa na mwingine aliyeijua skrini.

"Nyumba imejaa watu, na mimi dada yake mukubwa siko," alisema. "Umuambie meneja. Wewe atakusikia."

Chebet alikwenda. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na neno na msiba. Viti alikuwa ameviona. Alichotaka ni uonekane kwenye skrini, uwe na muda maalumu, na kila roboti iombe ruhusa kabla ya kwenda. Ruhusa itolewe na mtu, kwa kubonyeza.

"Na Dafroza?" Chebet aliuliza.

"Roboti zikiwa na msiba zinahitaji msimamizi kuliko siku nyingine," meneja alisema.

Chebet alirudi kitini akafanya kazi. Alijaribu zambarau, ikachanganyika na nyekundu kwa mbali. Akachagua kijivu. Alichora kitufe kikubwa kiasi cha kutosha kidole kilichochoka, akakipa jina Ruhusu, akaweka muda wa robo saa kwa kila roboti. Jioni roboti zilirudisha sukari na viti rafuni. Ghala la Louisville lilisikia, likaomba skrini hiyo hiyo, ingawa kule hakuna aliyekuwa amekufa. Wakatumiwa.

Byamungu alizikwa Jumatano. Dafroza alikuwa kitini tangu zamu ilipoanza, amevaa kitenge cheusi juu ya fulana ya kazi. Simu yake ilikuwa mezani, na ndani yake zilisikika nyimbo za mazishi kutoka kanisani, kwa sauti ndogo. Chebet aliketi nyuma yake kuhakikisha maandishi yanasomeka. Yalisomeka.

Mraba mmoja ukaomba. Dafroza akabonyeza, ukawa kijivu.

"Asante kwa kukuya," aliuambia, akapeleka kidole kwenye uliofuata.