Tufe la Mzinga Kwenye Maji ya Magadi

Tak. Kimya. Tak tena, kama mtu anayevunja mfupa kwa meno.

Octave aliusikia mlio huo kabla hajawasha taa ya ghala, pale mtaa wa Bertrams, akatabasamu. Alikuwa akiungoja tangu Ijumaa.

Juu ya meza, tufe la mzinga lilikuwa linapasuka. Lilitoka kwenye meli ya Waholanzi iliyozama Rasi ya Tumaini Jema karne tatu zilizopita, na mwaka mzima lilikuwa limelazwa kwenye ndoo ya maji ya magadi, likitolewa chumvi polepole. Chuma cha baharini kikikaushwa kabla ya chumvi kuisha, hujipasua chenyewe. Octave alilijua hilo. Shemeji yake Ezéchiel, fundi cherehani kutoka Uvira, hakulijua, na Octave hakumwambia. Mzee Hendrik, mwenye ghala hilo la vitu vya kale, alikuwa ameanza kuusifu mkono wa mgeni huyo kuliko wa Octave, na mgeni aliitaka kazi ile ili amlete mkewe.

Basi Ijumaa Ezéchiel akaona chuma kizuri kinaozea majini. Akakitoa, akakifuta, akakipaka mafuta ya cherehani kwa upendo. Octave alisimama mlangoni akamtazama, kisha akaenda zake.

Sasa Ezéchiel aliingia akipiga mluzi. "Shemeji, umeona linavyong'aa?"

Ganda la chuma likamwangukia miguuni.

Mzee Hendrik alikuwa nyuma yake. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, bosi. Cherehani zetu tunazitunza hivyo. Shemeji aliniona. Si ulikuwepo?"

Octave aliinama kuokota vipande. "Ijumaa? Eish, mimi niliwahi kutoka."

"Shemeji! Ulisimama pale pale!"

"Usinitie kwenye ujinga wako. Fundi wa suruali, nani alikutuma kushona mizinga?"

Mzee alicheka, kicheko kikavu, akaonyesha geti kwa kidole. Ezéchiel alitoka bila koti, mikono bado inanuka mafuta.

Simu ikalia. Ni Victorine, mke wa Octave.

"Baba Murielle, mdogo wangu anaendeleaje huko? Jana kamwambia mkewe afunge mizigo."

Octave alichungulia dirishani. Ezéchiel alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kichwa kati ya magoti. Mezani, tak.

"Tulia, mama. Yule ni damu yangu. Maadamu niko hapa, hakuna atakayemgusa. Nakuahidi mbele ya Mungu."