Sakafu ya Vumbi la Tanuru

Ngoy alikuwa akikwangua njia ya moshi ya tanuru, kwenye kiwanda cha saruji kusini mwa Kalemie. Vumbi alilolitoa humo, jepesi kama unga, kiwanda hakikulihitaji. Kila Jumamosi alibeba mfuko mmoja nyumbani, na mkewe Bibiane akalichanganya na udongo akasiriba sakafu. Ikawa laini, haina funza hata mmoja. Majirani nao wakaja kuomba.

Kisha mkono wa kulia wa Ngoy ukaanza kutetemeka. Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Baadaye hakuweza tena kufunga vifungo vya shati, fizi zikawa zinatoka damu, na kila chakula akakiona kina ladha ya msumari. Ndugu zake wakasema amelogwa na mwenzake wa kazi. Bibiane akaamini, akaacha kumsalimia Léontine, mke wa mtu yule.

Siku moja mchana Emile, fundi wa labo ya kiwanda, aliyepima mawe na saruji, aliingia kwa Bibiane bila hodi, akafunga mlango.

"Mama Julie, lile vumbi munaliweka wapi?"

"Tunalikanyaga, Papa Emile. Njo hii sakafu," Bibiane akasema, akionyesha chini.

Emile akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Lina zebaki. Inatoka mu mawe na mu makaa tunayochoma, inapanda na moshi, inashika mu vumbi. Tulilituma Ulaya walipime, majibu yametoka. Direkta ameniambia nichome ile karatasi. Nikisema, majandarme watanipeleka mu gereza."

"Zebaki njo nini?"

"Sumu. Mukono wa Papa Julie haukulogwa na muntu."

Julie, mtoto wao wa miezi tisa, alikuwa amekaa katikati ya chumba, kidole kinywani. Bibiane alimnyakua kwa nguvu hata akalia. Akamfuta ulimi kwa kitenge, akaufuta tena, huku mikono yake mwenyewe ikitetemeka, asijue kama ni woga au ndiyo ile sumu.

Ngoy aliporudi kutoka kazini, Bibiane alimweleza yote, naye akashika jembe.

"Tuivunje."

"Halafu tuitupe wapi?" Bibiane akauliza. "Mu ziwa? Njo maji tunakunywa."

Jembe likabaki mkononi, likigongagonga ukuta.

Kesho yake Bibiane alipita nyumba zote zilizoomba vumbi. Wengine walimcheka. Walipouliza nani kasema, hakumtaja Emile. Léontine peke yake alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bwana yangu pia hashiki tena kijiko." Wakashikana mikono.

Sakafu ikabaki ilivyo; Bibiane na mtoto wakapanda mashua kwenda Moba, kwa mama yake Bibiane.

Wiki ile mnyapara alimwamuru Ngoy: "Citoyen Ngoy, ingia!" Ngoy akasimama mbele ya shimo jeusi la njia ya moshi, akakataa kuingia. Alifukuzwa siku hiyohiyo, akamfuata mkewe.

Mkono wake haukupona. Julie alichelewa kutembea. Alianza akiwa na miaka miwili na nusu, na kila alipojikwaa, Bibiane aliacha alichokuwa akifanya, akamtazama mikono.