Wimbo Uliobaki na Ngoma Tu

Masikio alikuwa fundi wa kurekodi mwenye uwezo wa kumsikia sisimizi akikohoa, na ndiyo maana wanamuziki wakambandika jina hilo. Lakini sikio si akili, na siku aliyohama kompyuta ndipo lilipodhihirika.

Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imeanza kuzimika katikati ya kazi. Akanunua ya aina nyingine, mfumo mwingine kabisa, ile inayosifiwa na kila mwenye studio. Akachomeka diski ya zamani kwenye kompyuta mpya, akanakili miradi yake yote ya nyimbo, kisha akaufungua kwanza mradi wa mdogo wake wa kike. Huo ndio aliouogopea. Mdogo wake aliimba majukwaani miaka mingi na kurekodi wimbo mmoja tu, kabla upasuaji wa koo haujamwachia mnong'ono. Bintiye alizaliwa baada ya hapo. Na nakala nyingine haikuwapo popote, kwa kuwa Masikio alikuwa na mwiko wake: wimbo mbichi hautoki studio, hata kwa mwenye koo.

Ukafunguka. Ngoma, kinanda, na sauti ya mdogo wake juu yake, safi.

"Kumbe watu wanaogopa kuhama bure!" akajisemea, akacheka.

Masikini! Mradi wa muziki si wimbo. Ni maelekezo tu: chukua sauti ile pale, iweke hapa. Ngoma na kinanda vilitoka kwenye programu yenyewe, vikahama vizuri. Sauti za watu alizoea kuziweka kwenye folda ya pembeni, humo humo kwenye diski ya zamani, na folda hiyo hakuinakili. Wimbo aliousikia ulikuwa ukiazima sauti kutoka kwenye diski iliyochomekwa.

Kompyuta mpya iliweza kuisoma diski ile, ila kuandika juu yake ilikataa. Ikamuuliza kwa adabu kama aifute na kuipanga upya. Akakubali, akaijaza video za harusi. Angekuwa na haraka tungemsuta kwa methali. Hakuwa na haraka, alikuwa na furaha.

Alipoufungua tena mradi, mstari wa sauti ulikuwa mtupu, na ujumbe: faili halipatikani. Akazima, akawasha. Akabadilisha waya. Akapekua kila folda. Fundi wa kompyuta aliyempelekea diski aliirudisha akitazama pembeni.

"Ungekuwa hujaandika kitu juu yake, kaka, ningejaribu. Nimepata kipande kimoja tu, mtu anavuta pumzi."

"Anavuta pumzi halafu?"

"Basi. Pole sana."

Maji yakimwagika hayazoleki. Masikio alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi nayo haina huruma, na mdogo wake akaja, mtoto mgongoni.

"Kaka, leo ni leo," akanong'ona. "Huyu mwanangu anisikie."

Angemwambia pale pale mlangoni. Hakuweza. Akamvutia kiti, akabonyeza kitufe kama mwoga yeyote.

Ngoma ikaanza. Mdogo wake akafumba macho, akamgeuza mtoto amtazame, akainua kidole kumwonyesha mahali mama atakapoingia. Kinanda kikapita, kidole kikashuka, na ngoma zikaendelea zenyewe. Akafumbua macho. Akasubiri ubeti wa pili, akainua kidole tena, kisha akamgeukia kaka yake kwa aibu.

"Nimechelewa kuingia?"

"Hujachelewa, mdogo wangu." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nimekufuta. Nimefuta sauti yako yote, na hairudi."

 Mdogo wake akafungua kinywa kulia, na koo likamkatalia. Ikatoka hewa tu, huku mtoto akipiga makofi kwa ile ngoma.